Maziwa yaliongezeka, methani nayo ikaongezeka: kisa cha shamba moja la ng'ombe wa maziwa

Kisa na mipaka yake

Hiki ni kisa cha shamba la ng'ombe wa maziwa ambalo kwa miaka miwili lilijaribu kupunguza methani inayotoka kwa mifugo yake. Majina, mahali na chochote kinachoweza kulitambulisha vimeondolewa, na idadi zimesogezwa kidogo bila kuharibu uwiano. Kazi yangu pale ilikuwa hesabu: kukadiria methani ya kundi na kufuatilia ilivyobadilika.

Nimekiandika kwa ajili ya wafugaji, maofisa ugani na wanunuzi wa maziwa ambao siku hizi wanaambiwa wapunguze methani bila kuambiwa ni methani ipi: ya kila lita ya maziwa, au ya kundi zima. Swali hilo lilizua ubishi mkubwa shambani. Majibu mawili yalitoa maamuzi mawili yasiyofanana hata kidogo.

Shamba lilivyokuwa

Mwanzoni palikuwa na ng'ombe 84. Majike waliokwisha kuzaa walikuwa 40, lakini kwa siku ya kawaida waliokuwa wakikamuliwa ni 26 tu. Wale 14 waliobaki walikuwa wamekauka. Baadhi walisubiri kuzaa, baadhi hata mimba hawakuwa nayo. Ndama na mitamba walikuwa 28. Halafu palikuwa na kundi la 16, mchanganyiko wa madume na majike waliokwisha kuzeeka, ambalo hakuna aliyelitaja sana. Lilikuwa akiba: ng'ombe wa kuuzwa siku ya shida.

Chakula kilikuwa malisho mchana, mabua makavu usiku, na pumba kidogo wakati wa kukamua. Kila ng'ombe aliyekamuliwa alitoa wastani wa lita 9 kwa siku. Kutoka uzao mmoja hadi mwingine ilipita miezi 20 hivi, na mtamba alizaa mara ya kwanza akiwa na miezi 40 au zaidi. Ukiangalia takwimu hizi mbili za mwisho kwa makini utaona kwamba sehemu kubwa ya kundi ilikuwa inakula, inacheua na kubeua mwaka mzima bila kuingiza hata tone la maziwa ndooni.

Msukumo wa kubadilika ulitoka kwa mnunuzi wa maziwa. Alitangaza nyongeza ya bei kwa shamba litakaloshusha methani kwa kila lita. Mwenye shamba alikubali, akawaweka pamoja msimamizi wa zizi, mtunza kumbukumbu na mshauri wa lishe.

Methani inatoka wapi

Watu wengi bado wanaamini gesi hii hutokea mkiani. Sivyo. Karibu yote hutoka mdomoni na puani, kwa mbeuo na pumzi. Hutengenezwa hasa katika tumbo la kwanza, rumeni, ambamo vijiumbe wengi mno huchachusha nyuzinyuzi ambazo binadamu hawezi kuzisaga. Uchachushaji huo hutoa haidrojeni. Ikijazana, kazi yote ya tumbo hudorora, kwa hiyo kuna kundi la vijiumbe waitwao arkea wanaoichukua, wanaiunganisha na kaboni dioksidi na kutengeneza methani. Ng'ombe anaibeua.

Hapo mambo mawili yanajitokeza. La kwanza, arkea wana kazi wanayoifanya: ukiwazuia, haidrojeni lazima ipate njia nyingine. La pili, methani ni chakula kilichopotea. Kati ya asilimia 2 na 12 ya nishati iliyomo kwenye chakula cha ng'ombe hupotea kwa njia hiyo, kutegemea anakula nini. Nyuzinyuzi ngumu huelekeza uchachushaji kwenye asidi ya asetiki na kuacha haidrojeni nyingi. Wanga huuelekeza kwenye asidi ya propioniki, ambayo huitumia haidrojeni.

Kuhusu hali ya hewa, kwa kipimo cha miaka 100 kilo moja ya methani ya mifugo huhesabiwa sawa na kilo 27 hivi za kaboni dioksidi. Kwa kipimo cha miaka 20 hukaribia 80. Lakini hudumu hewani miaka 12 hivi tu, kwa hiyo ukiipunguza leo, nafuu yake huonekana katika muda wa maisha ya mfugaji mwenyewe. Ndiyo maana mwaka 2021, kwenye mkutano wa Glasgow, nchi nyingi ziliahidi kwa pamoja kushusha methani ya dunia kwa asilimia 30 kufikia 2030, zikilinganisha na kiwango cha 2020.

Hesabu ya mwanzo

Kupima methani moja kwa moja kunataka vifaa: chumba maalumu cha kupumulia, gesi ya kufuatilia inayotolewa na kidonge kilichowekwa tumboni, au kihori chenye mashine inayonusa pumzi ng'ombe anapokula. Shamba halikuwa na hata kimoja. Tulitumia njia ya makadirio ya Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC. Ni rahisi kiasi kwamba mfugaji anaweza kuifanya mwenyewe: kilo za chakula kikavu anachokula ng'ombe kwa siku, zidisha kwa 18.45 kupata nishati kwa megajuli, chukua asilimia 6.5 ya hiyo kuwa nishati iliyogeuka methani, kisha gawa kwa 55.65, ambayo ni nishati iliyomo katika kilo moja ya methani.

Ng'ombe anayekula kilo 10 za chakula kikavu hutoka na gramu 215 hivi kwa siku, yaani kilo 79 kwa mwaka. Tukafanya hivyo kwa majike 40, kisha vijana 28 kwa wastani wa kilo 5 za chakula, kisha wale 16 wa akiba kwa kilo 8. Jumla ilikuwa takriban kilo 5,250 za methani kwa mwaka, sawa na gramu 62 kwa kila lita ya maziwa.

Mtunza kumbukumbu aliuliza swali zuri mapema: kwa nini tusishushe ile asilimia 6.5 chakula kikiwa bora? Miongozo mipya ya IPCC inaruhusu hilo. Tuliamua kuiacha palepale miaka yote miwili. Kama maboresho yangeonekana, tulitaka yaonekane kutokana na idadi ya ng'ombe, chakula walichokula na maziwa waliyotoa, yaani vitu vinavyohesabika kwa macho, na si kutokana na namba tuliyojichagulia wenyewe.

Mwaka wa kwanza: chakula

Mshauri wa lishe alianza na mabua. Yalikatwakatwa badala ya kutupwa mazima, kisha sehemu yake ikalowekwa kwa maji ya urea, kilo 4 hadi 5 za urea kwa kila kilo 100 za mabua, na kufunikwa kwa plastiki bila kupitisha hewa kwa majuma kadhaa. Urea hulainisha nyuzinyuzi na kuongeza nitrojeni ambayo vijiumbe wa rumeni wanaihitaji. Ndama hawakupewa kabisa, kwa sababu tumbo lao bado halijaweza kuihimili. Yaliongezwa majani makavu ya mikunde, mashudu (mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), na jiwe la madini. Maji, ambayo awali ng'ombe walipelekwa kunywa mara mbili kwa siku, yakawekwa zizini muda wote. Sioni aibu kusema kwamba maji hayo huenda yalileta maziwa mengi kuliko kitu kingine chochote cha mwaka ule, ingawa hatuwezi kuyatenganisha na mengine.

Viongeza vya kuzuia methani vilijadiliwa kwa kirefu, maana ndivyo vinavyosikika zaidi. Kinachojulikana kama 3-NOP huzuia kimeng'enya kinachokamilisha hatua ya mwisho ya kutengeneza methani. Kwa ng'ombe wa maziwa hupunguza kwa asilimia 30 hivi, na kimeruhusiwa Umoja wa Ulaya tangu 2022 na Marekani tangu 2024. Mwani mwekundu wa jamii ya Asparagopsis umeonyesha upungufu wa zaidi ya asilimia 80 katika baadhi ya majaribio ya ng'ombe wa nyama wanaolishwa zizini, kazi inayofanywa na kemikali yake, bromofomu.

Uamuzi ulikuwa kuviacha vyote viwili, na sababu si bei. 3-NOP huvunjika tumboni ndani ya saa chache. Inafaa pale ambapo chakula chote cha siku kimechanganywa pamoja, ili kila tonge liwe nayo. Hapa ng'ombe walipata pumba asubuhi na jioni, dakika chache tu, halafu wakashinda malishoni. Kiongeza kingefanya kazi saa chache na kulala saa nyingi. Isitoshe, nguvu yake hupungua chakula kinapokuwa na nyuzinyuzi nyingi, na chakula cha shamba hili kilikuwa hivyo hasa. Mwani nao ungekwama kwenye tatizo hilohilo la ulishaji, tena bromofomu hupotea mwani unapokaa ghalani vibaya. Naitrati, ambayo huvuta haidrojeni isifike kwa arkea, iliondolewa mezani kwa sababu ya usalama: ikizidi hugeuka naitraiti na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na ng'ombe aweza kufa kabla daktari hajafika.

Kilichojaribiwa ni mafuta. Kila asilimia moja ya mafuta inayoongezwa kwenye chakula kikavu hushusha methani kwa takriban asilimia 4 hadi 5, na mafuta ya mbegu hupatikana kwa urahisi. Msimamizi wa zizi alipewa kipimo cha kuchanganya kwenye pumba. Majuma mawili hayajaisha, ng'ombe walianza kuacha chakula, na mafuta ndani ya maziwa yakashuka.

Msimamizi ndiye aliyegundua tatizo, na namna alivyoligundua ni ya kuigwa. Alichukua samadi mbichi kiganja kimoja kutoka kwa ng'ombe tofauti, akaiweka kwenye chujio na kuiosha kwa maji ya bomba mpaka yakatoka safi. Kilichobaki juu ya chujio kilikuwa vipande vya bua vyenye urefu wa kidole, vigumu, vimepita tumboni karibu vizima. Kwenye samadi ya ng'ombe ambao hawakupewa mafuta, vilibaki vipande vifupi na laini. Uchachushaji ulikuwa umevurugika.

Sababu ilijulikana tulipokaa kujumlisha. Mashudu yaliyonunuliwa yalikuwa yamekamuliwa kwa mashine ndogo, ambayo huacha mafuta mengi ndani kuliko kiwanda kikubwa. Kipimo cha mafuta kilipangwa kana kwamba mashudu hayana mafuta. Jumla ilivuka asilimia 6 hadi 7 ya chakula kikavu, na kuanzia hapo mafuta huwadhuru vijiumbe wanaosaga nyuzinyuzi. Mafuta ya kuongeza yakasimamishwa, mashudu yakabaki.

Hesabu iliyozua ubishi

Mwisho wa mwaka wa kwanza ng'ombe 28 walikuwa wakikamuliwa, kila mmoja lita 11. Maziwa yalipanda kutoka lita 234 kwa siku hadi 308. Kila mtu alifurahi. Methani kwa lita ilishuka kutoka gramu 62 hadi 52, upungufu wa asilimia 16, na nyongeza ya bei ikalipwa.

Jumla ya kundi, hata hivyo, ilikuwa imefika kilo 5,840, asilimia 11 juu ya ilipoanzia. Ng'ombe walikuwa walewale 84, na sasa walikula vizuri zaidi. Anayekula zaidi hubeua zaidi.

Mwenye shamba hakuona tatizo. "Mnunuzi anataka kwa lita," alisema, "na kwa lita tumeshusha." Mshauri wa lishe akamjibu, "Mama, hewani haziendi lita, zinakwenda kilo."

Hoja ya mwenye shamba ilikuwa na uzito, na naona wengi wanaipuuza haraka. Watu watakunywa maziwa. Lita ya ziada inayotoka kwenye shamba lenye gramu 52 ni afadhali kuliko lita hiyohiyo kutoka shamba lenye gramu 90. Ikiwa maziwa ya hapa yanachukua nafasi ya maziwa ya kwingine yenye methani nyingi zaidi kwa lita, dunia imepata nafuu. Lakini sharti lake ni zito: lazima huko kwingine mtu apunguze ng'ombe kwa sababu ya maziwa ya hapa. Hakuna mtu katika chumba kile aliyeweza kumwonyesha huyo mtu. Kitu pekee kilichokuwa mikononi mwao kilikuwa kundi lao.

Mwaka wa pili: kundi lenyewe

Mtunza kumbukumbu aliandika orodha ya kila ng'ombe na kile alichoingiza kwa miezi 12. Sharti la kubaki likawekwa wazi kabla ya majina kusomwa, ili mapenzi ya mtu kwa ng'ombe fulani yasiingie. Jike aliyepitisha mwaka tangu azae bila kushika mimba, jike mwenye ugonjwa wa kiwele unaorudi kila mara, na mtamba aliyepita miaka mitatu bila mimba licha ya kupandishwa, wote waliingia orodha ya kuuzwa. Wale 16 wa akiba walijadiliwa mmoja mmoja.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mwenye shamba aliwaona wale 16 kama fedha iliyolala salama. Hesabu iliyombadilisha mawazo haikuhusu hali ya hewa hata kidogo. Tulijumlisha chakula wanachokula kwa mwaka na kuuliza kingewafikia nani kama wao wasingekuwapo. Jibu lilikuwa mitamba, waliokuwa wakidumaa kwa njaa na kuchelewa kuzaa. Kila mwaka ambao mtamba anachelewa kuzaa, kwa hesabu ya shamba hili, ni kilo 40 hivi za methani bila lita hata moja. Akiba ile ilikuwa inakula kizazi kijacho.

Wakabaki wanne. Waliouzwa, 12, walikwenda kuchinjwa, na hilo lilikuwa sharti lililoandikwa. Kumuuza ng'ombe asiyezalisha kwa jirani atakayemfuga miaka mitano mingine huhamisha methani ua moja hadi lingine, na karatasi ya shamba hudanganya kuwa imepungua. Majike walipunguzwa kutoka 40 hadi 34, na vijana kutoka 28 hadi 20.

Uzazi ulitengenezwa kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Ng'ombe wengi walikuwa wakikosa mimba kwa sababu joto lao, yaani hali ya kutaka kupandwa, halikuonekana. Mchana walikuwa malishoni, jioni wakamuaji walikuwa na haraka. Msimamizi alipozungumza na mlinzi wa usiku, mlinzi akamwambia kwamba kila siku anawaona wakipandana kati ya usiku wa manane na alfajiri, na anajua kwa rangi ni nani. Hakuwahi kuulizwa. Akapewa daftari na tochi, akawa anaandika ng'ombe aliyesimama akakubali kupandwa na mwenzake, na saa. Aliyeonekana alfajiri alihimilishwa, yaani alitiwa mbegu kwa mrija, jioni. Aliyeonekana jioni alihimilishwa asubuhi. Joto hilo la kusimama hudumu saa 12 hadi 18 tu, na yai hutoka baada yake, kwa hiyo saa zilizoandikwa na mlinzi zilikuwa na thamani kuliko dawa yoyote. Muda kati ya uzao na uzao ulianza kufupika, na idadi ya waliokamuliwa ikafika 27 kati ya 34, wakati mwanzoni ilikuwa 26 kati ya 40.

Bwawa la samadi

Katikati ya mwaka wa pili shamba lilimwaga sakafu ya saruji zizini. Lilikuwa jambo jema kwa kwato na kwa usafi wa viwele. Ila sakafu ilioshwa kwa maji, na maji yakapelekwa kwenye bwawa lililochimbwa nyuma ya zizi. Baada ya muda bwawa likaanza kutoa mapovu juu, na hilo ndilo lililotuamsha.

Samadi iliyozama ndani ya maji bila hewa huzalisha methani kama rumeni inavyofanya, tena bila ng'ombe yeyote kufaidika. Tulikokotoa tena kwa njia ya IPCC. Samadi ya jike mmoja yenye kilo 3 za mabaki yanayooza kwa siku, ikienda yote kwenye bwawa la wazi katika joto, hutoa karibu gramu 195 za methani. Ikikauka kwenye chungu, gramu 10 hivi. Ng'ombe walikuwa zizini nusu ya siku. Nusu ya samadi ya majike 34, ikielekezwa bwawani mwaka mzima, ingetoa takriban kilo 1,200. Upungufu wote wa matumboni tuliokuwa tunautafuta kwa miaka miwili haukufika hapo.

Uamuzi ulikuwa kukwangua sakafu pakavu kwa koleo na toroli kabla ya kuosha, na kuosha kwa maji machache sehemu ya kukamulia tu. Samadi ikarudi kwenye chungu, ikageuzwa mara kwa mara kuwa mboji. Mtambo wa bayogesi ulipendekezwa pia. Ni njia nzuri gesi inapotumika yote, kwa sababu methani ikiungua hugeuka kaboni dioksidi, ambayo madhara yake ni madogo sana ukilinganisha. Shamba liliahirisha, kwa sababu hapakuwa na matumizi ya kutosha ya gesi wala mtu wa kukagua mivujo. Mtambo unaovuja, au unaoachia gesi ya ziada hewani, unaweza kuwa mbaya kuliko chungu cha samadi kilichokauka. Niliunga mkono uamuzi huo.

Matokeo

| | Mwanzo | Mwaka wa 1 | Mwaka wa 2 |
|---|---|---|---|
| Ng'ombe wote | 84 | 84 | 58 |
| Maziwa kwa siku (lita) | 234 | 308 | 324 |
| Methani ya matumboni kwa mwaka (kilo) | 5,250 | 5,840 | 4,190 |
| Methani kwa lita (gramu) | 62 | 52 | 35 |

Mwisho wa mwaka wa pili kila ng'ombe aliyekamuliwa alitoa lita 12. Jumla ya kundi ilishuka kwa asilimia 20 kutoka ilipoanzia, na methani kwa lita kwa zaidi ya asilimia 40.

Uchambuzi

Ukivunja upungufu wa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, kilo 1,650 hivi, utakuta wale 12 wa akiba peke yao ni kilo 755. Majike sita ni kilo 540 na vijana wanane ni kilo 350. Karibu nusu ya mafanikio yote ilitoka kwa ng'ombe ambao hawakuwahi kutajwa kwenye mazungumzo na mnunuzi, kwa sababu hawakuwa na maziwa. Kipimo cha kwa lita kinawagusa, lakini hakikulazimishi kuwatazama: unaweza kukishusha kwa kuongeza maziwa tu na kuwaacha walivyo, na ndivyo shamba lilivyofanya mwaka mzima na kulipwa kwa hilo.

Hata hivyo nisingependa mtu asome hapa kwamba chakula hakikuwa na maana. Bila mabua yaliyolainishwa, mashudu na maji, kupunguza majike sita kungeshusha maziwa, na hakuna mfugaji angekubali. Chakula kilitoa nafasi; kupunguza kundi kukaitumia. Mpangilio huo wa mambo ulikuwa sahihi ingawa haukupangwa. Tatizo la mwaka wa kwanza lilikuwa kusimama pale na kuhesabu kazi imekwisha.

Kuhusu viongeza, uamuzi wa kuviacha ulikuwa sahihi kwa shamba hili, na ungekuwa si sahihi kwa shamba linalochanganya chakula chote cha siku kwenye kihori. Kabla ya kuuliza kiongeza kinapunguza asilimia ngapi, uliza ng'ombe wako wanakula saa ngapi kati ya 24 mahali ambapo unaweza kukiweka.

Jaribio la mafuta lilishindwa kwa sababu ya kujumlisha, si kwa sababu mafuta hayafanyi kazi. Aliyeweka kipimo hakujua mashudu yanatoka mashine gani. Aliyenunua mashudu hakujua kuna kipimo cha mafuta. Karatasi moja ya chakula chote, iliyobandikwa ukutani ghalani, ingetosha. Ilibandikwa baadaye.

Bwawa ndilo linalonitia wasiwasi zaidi ninapofikiria mashamba mengine. Mkataba wa mnunuzi ulihesabu methani ya matumboni tu. Kwa mkataba huo shamba lingeweza kuosha samadi yote bwawani, kufuta kila lililopatikana, na bado kulipwa nyongeza. Kipimo kisichojumuisha samadi hakifai kutumika kulipia fedha. Nalisema hili bila kusita.

Upande dhaifu wa hesabu yetu ni kwamba haina uwezo wa kuona kilichotokea ndani ya rumeni. Tumeshikilia asilimia 6.5 muda wote, hivyo kama chakula bora kilipunguza methani kwa kila kilo iliyoliwa, namba zetu haziionyeshi. Pia chakula cha malishoni kilikadiriwa kutokana na uzito wa ng'ombe uliopimwa kwa utepe wa kifuani, si kwa mizani. Mwelekeo wa namba ni wa kuaminika kuliko namba zenyewe.

Yanayoendelea

Mkataba mpya na mnunuzi sasa una mistari miwili, jumla ya kundi na kwa lita, na samadi imo ndani. Shamba limejiwekea kikomo cha majike 34.

Lakini uzazi ulioboreshwa umeleta jambo jipya. Ndama wanaozaliwa kwa mwaka ni wengi kuliko zamani, na kundi la ukubwa huu linahitaji mitamba saba hivi kwa mwaka kuziba nafasi za wanaotoka. Waliosalia wanatakiwa kuondoka wakiwa wadogo, na madume ndio wengi wao. Mwenye shamba anataka kuwanenepesha kwanza wawili watatu kila mwaka. Msimamizi anapinga, kwa kuwa ndivyo lile kundi la 16 lilivyoanza. Wamekubaliana kwamba dume yeyote atakayezidi miezi 18 ataandikwa kwenye karatasi ya ghalani kwa jina la aliyeomba abaki, pamoja na tarehe ya kuuzwa.